Sheria za lugha Quebec na hofu za wazungumzaji wa Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Kuna aliyeko Nairobi au Arusha, amepata barua ya chuo au ya kazi Montreal, na kila mtu anamwambia Kanada ni nchi ya Kiingereza. Kuna pia Mkongomani au Mrundi ambaye tayari anaishi Sherbrooke au Gatineau, Kifaransa anakijua tangu shuleni, na anashangaa majirani zake wanaozungumza Kiingereza wanalalamikia kitu gani. Majibu ni ya wote wawili. Mwenye kesi mkononi amwone wakili. Hapa tunaeleza tu mambo yalivyo.

Quebec si ni Kanada? Na Kanada si inatumia Kiingereza?

Serikali kuu ya Kanada ina lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kifaransa, kwa sheria ya 1969. Lakini shule, hospitali, leseni za kazi na biashara za kawaida ziko chini ya majimbo, na jimbo la Quebec, lenye watu wapatao milioni nane na nusu kwa sensa ya 2021, lina lugha rasmi moja: Kifaransa. Kwa hiyo mtu yuleyule, siku ileile, anaweza kushughulikia pasipoti yake kwa Kiingereza bila mtu kukunja uso, kisha akavuka barabara kufuatilia shule ya mtoto na kukuta mambo yamegeuka.

Hao wazungumzaji wa Kiingereza wa Quebec ni akina nani?

Ni zaidi ya watu milioni moja, ukiwahesabu pia wale ambao Kiingereza si lugha yao ya mama, wengi wao kisiwani Montreal, hasa upande wa magharibi. Uingereza iliishinda Ufaransa vitani hapo 1759, mkataba wa 1763 ukaikabidhi koloni, na wafanyabiashara wa Kiskoti wakafuata. Hao ndio waliojenga majumba ya kifahari chini ya mlima wa Montreal na kushika benki, reli na biashara ya manyoya. Picha ya Mwingereza tajiri wa mtaa wa Westmount ilizaliwa hapo, na imegoma kufa.

Picha hiyo inaficha wengi. Kuna Waayalandi waliokimbia njaa hapo 1847, maelfu wakafia karantini katika kisiwa cha Grosse Île. Kuna wavuvi wa rasi ya Gaspé na wakulima wa kusini mashariki mwa jimbo, karibu na mpaka wa Marekani, ambao wajukuu zao wamehama na kuwaacha wazee peke yao. Kuna Weusi wa mtaa wa Little Burgundy, wengi wao familia za wahudumu wa treni. Mpiga piano Oscar Peterson alizaliwa humo 1925. Kuna Wayahudi, Wagiriki, Waitaliano, na baadaye watu wa Jamaika, India na Ufilipino. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba kwa jumla watu hawa wana ukosefu wa ajira ulio juu kuliko majirani zao wa Kifaransa, na kipato cha kati kilicho chini. Anayewajadili kama mabepari wa 1950 amechelewa miongo kadhaa.

Kwa nini basi Quebec ilikaza kamba namna hii?

Kwa sababu wenye wingi walikuwa wanyonge nyumbani kwao. Miaka ya 1960 tume ya serikali kuu, chini ya André Laurendeau na Davidson Dunton, iliwapanga wanaume wa Quebec kwa asili na kipato, kwa takwimu za 1961. Makundi yalikuwa kumi na manne. Wenye asili ya Kifaransa, waliokuwa takriban wanane katika kila watu kumi wa jimbo, walishika nafasi ya kumi na mbili. Kiwandani bosi alizungumza Kiingereza, na mfanyakazi aliyetaka kupanda cheo akajifunza lugha ya bosi. Bosi hakulazimika kujifunza chochote.

Nje ya Quebec hali ilikuwa mbaya zaidi. Manitoba iliiondolea Kifaransa hadhi yake hapo 1890. Ontario, kwa kanuni yake ya 17 ya mwaka 1912, ilikibana Kifaransa shuleni kisivuke miaka ya kwanza ya msingi. Hii ni historia ambayo wazungumzaji wa Kiingereza wa Montreal hawapendi kukumbushwa, lakini bila hiyo huelewi kwa nini jirani yao hashawishiki na machozi yao.

Kisha likaja suala la watoto. Zamani familia za Kifaransa zilikuwa na watoto kumi, kumi na wawili, chini ya uangalizi mkali wa Kanisa Katoliki. Kuanzia 1960, serikali ya Jean Lesage ilipochukua shule na umeme mikononi mwake, jamii ilibadilika haraka na uzazi ukashuka. Tangu hapo wingi wa Kifaransa ulitegemea wahamiaji wangejiunga na upande gani, na wahamiaji, kama mzazi yeyote mwenye akili, walipeleka watoto kwenye shule zenye mlango wa ajira: za Kiingereza. Kitongojini Saint-Léonard bodi ya shule ilijaribu kuwazuia Waitaliano wasifanye hivyo, na Septemba 1969 watu walipigana barabarani.

Bunge la jimbo lilijaribu dawa mbili. Sheria 63 ya 1969 iliwaachia wazazi uchaguzi, wenye Kifaransa wakachemka. Sheria 22 ya 1974, ya Waziri Mkuu wa jimbo Robert Bourassa, ilikifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na kuwapa watoto wadogo mtihani wa Kiingereza kabla ya kuingia shule za Kiingereza. Hiyo ikawaudhi wote. Novemba 1976 chama cha René Lévesque, kinachotaka Quebec ijitenge, kikashinda uchaguzi. Waziri wake Camille Laurin, daktari wa magonjwa ya akili kwa taaluma, akaandaa Hati ya Lugha ya Kifaransa, iliyopitishwa 26 Agosti 1977. Wote huiita Sheria 101.

Sheria 101 ilibadilisha nini?

Karibu kila kitu kinachoonekana hadharani. Kazi, biashara, mabango, mikataba na shule viliwekwa chini ya Kifaransa. Shule za Kiingereza hazikufungwa, ila mlango wake uliwekewa ufunguo: mtoto aingie tu ikiwa mzazi wake mwenyewe alisoma shule ya msingi kwa Kiingereza humo Quebec. Baada ya Katiba ya 1982, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kanada hapo 1984, sharti likapanuliwa kuwa Kanada yote.

Kwa kipimo chake chenyewe sheria ilifaulu. Kabla yake, wengi mno wa watoto wa wahamiaji walisoma kwa Kiingereza; leo takriban tisa katika kumi husoma kwa Kifaransa. Shule za Kiingereza zilikuwa na wanafunzi wapatao 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, sasa wako karibu 100,000. Kampuni ya bima ya Sun Life ilitangaza Januari 1978 kwamba inahamishia makao makuu Toronto, na nyingine zikafuata. Watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya mama walikuwa kama 789,000 hapo 1971. Kufikia 2001 walikuwa kama 591,000. Waliobaki walijifunza: theluthi mbili hivi ya wazungumzaji wa Kiingereza wa leo wanakimudu Kifaransa.

Ni kweli serikali inapima herufi za mabango?

Ni kweli. Sheria ya 1977 ilitaka mabango ya biashara yawe kwa Kifaransa pekee. Wenye maduka wakaenda mahakamani, na 15 Desemba 1988 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi iitwayo Ford, kwamba kupiga marufuku lugha nyingine kunavunja uhuru wa kujieleza. Majaji walisema jimbo linaweza kudai Kifaransa kitawale bango, mradi kisiifute lugha nyingine. Bourassa, aliyekuwa amerudi madarakani, hakungoja. Ndani ya siku chache alipitisha Sheria 178: nje ya duka Kifaransa tupu, ndani lugha nyingine ziruhusiwe. Mawaziri wake watatu wazungumzaji wa Kiingereza wakajiuzulu, na uchaguzi wa 1989 chama kipya cha kutetea Kiingereza, Equality Party, kikapata viti vinne.

Mwaka 1993 sheria ililegezwa: lugha nyingine ziruhusiwe, Kifaransa kitawale waziwazi. Tangu 1 Juni 2025 kanuni zimekazwa tena, hata kwa majina ya kampuni yaliyosajiliwa kwa Kiingereza: maneno ya Kifaransa mbele ya duka yachukue angalau mara mbili ya nafasi ya yale mengine.

Matokeo mengine ni ya kuchekesha. Kuku wa KFC Quebec huitwa PFK, wakati Paris kwenyewe bango linasema KFC. Alama ya kusimama barabarani imeandikwa Arrêt, ilhali Ufaransa imeandikwa Stop. Februari 2013 mkaguzi wa Ofisi ya Lugha ya Kifaransa, ofisi ya jimbo inayosimamia Sheria 101, aliukemea mgahawa wa Kitaliano wa Montreal kwa kuandika neno «pasta» kwenye menyu. Dunia nzima ikacheka, na mkuu wa ofisi hiyo akajiuzulu mwezi uliofuata. Hadithi hii husimuliwa kila mara kana kwamba ndiyo sheria yenyewe. Sheria yenyewe haichekeshi hivyo, na madhara yake makubwa hayako kwenye menyu.

Mahakama ya Juu ikishasema, jimbo linawezaje kupuuza?

Kwa kifungu cha 33 cha Hati ya Haki na Uhuru ya Kanada, ambayo ni sehemu ya Katiba ya 1982. Kifungu hicho kinaliruhusu bunge kutangaza kwamba sheria fulani itatumika hata kama inavunja baadhi ya haki, kwa muda wa miaka mitano, kisha kuhuisha tangazo hilo kila linapokwisha. Kiliwekwa ili kuyashawishi majimbo yakubali Katiba ya 1982. Quebec haikuikubali Katiba hiyo, lakini kifungu inakitumia kuliko jimbo lolote.

Kina mipaka. Hakigusi kifungu cha 23 cha Hati hiyo, kinacholinda shule za lugha za wachache, wala kifungu cha 133 cha Katiba ya 1867, kinachompa kila mtu haki ya kutumia Kiingereza au Kifaransa katika bunge na mahakama za Quebec. Ndiyo maana sheria zote za Quebec, hata zinazokibana Kiingereza, huchapishwa pia kwa Kiingereza: Mahakama ya Juu iliamuru hivyo 1979.

Sheria 96 ni nini, na kwa nini ilizua kelele?

Ni marekebisho makubwa ya Sheria 101, yaliyopitishwa na serikali ya François Legault, waziri mkuu wa jimbo wakati huo, 24 Mei 2022 kwa kura 78 dhidi ya 29. Waliopinga walitoka pande mbili: Chama cha Liberali kiliona imezidi, chama cha Lévesque kikaona haitoshi.

Hoja yake ni takwimu. Sensa ya 2021 ilionyesha wanaozungumza zaidi Kifaransa nyumbani wameshuka kutoka asilimia 79.0 hadi 77.5 katika miaka mitano. Wapinzani wanajibu kwamba lugha ya jikoni haipaswi kuihusu serikali, na kwamba wengi wa hao wengine wanasema Kiarabu, Kihispania au Kikrioli nyumbani na Kifaransa kazini. Nadhani wapinzani wana haki kwenye kipimo, na serikali ina haki kwenye hofu. Watu milioni saba kati ya Wamarekani na Wakanada zaidi ya milioni mia tatu hawawezi kuambiwa watulie tu.

Kilichowashtua wengi ni njia iliyotumika. Kifungu cha 33 kiliwekwa mapema, kikaifunika sheria nzima kabla mtu hajafungua kesi yoyote. Wakaguzi wamepewa nguvu ya kuingia kwenye biashara na kupekua nyaraka bila kibali cha hakimu. Faini kwa kampuni huanzia dola 3,000 hadi 30,000 na huongezeka kosa likirudiwa. Na ofisi za serikali, zikishampa mhamiaji miezi sita tangu afike, zinatakiwa kuwasiliana naye kwa Kifaransa pekee, isipokuwa mambo ya afya, usalama wa umma na haki za msingi mbele ya sheria.

Miezi sita! Muulize yeyote aliyejifunza lugha akiwa na zamu za usiku ghalani. Jimbo lilianzisha huduma ya madarasa ya bure, Francisation Québec, Juni 2023, jambo jema kabisa. Lakini vuli ya 2024 madarasa mengi yalifungwa kwa sababu bajeti ilikwisha, huku sharti la miezi sita likibaki palepale.

Nimesoma kwa Kiingereza Kenya tangu darasa la nne. Mimi si mzungumzaji wa Kiingereza?

Mbele ya sheria ya Quebec, hapana. Hili ndilo jibu linalowashangaza watu wetu kuliko yote, na ndilo kiini cha mambo.

Haki ya shule ya Kiingereza haitokani na lugha unayoizungumza. Mzazi mmoja awe raia wa Kanada na awe amepata sehemu kubwa ya elimu yake ya msingi kwa Kiingereza ndani ya Kanada, au mtoto mwenyewe au ndugu yake awe amesoma hivyo. Mzazi anapeleka vyeti vyake, wizara inatoa hati, na hati hiyo mtoto ataitumia siku moja kwa wanawe. Shule ya Kiingereza ya Nairobi, Kampala, Lagos au hata London haihesabiki. Katiba ina kifungu cha kuwapa haki hiyo watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya mama, lakini kifungu hicho hakijaanza kutumika Quebec; kinasubiri idhini ya jimbo, na hakuna anayetarajia itolewe.

Ni haki ya kurithi, basi, kama shamba la ukoo. Mwenye babu aliyeuza manyoya anayo, hata kama nyumbani kwake sasa wanasema Kifaransa tupu. Mganda aliyeandika shahada yake yote kwa Kiingereza hana. Na kwa kuwa wahamiaji hawawezi kuingia, na wenyeji wanaozidi kuoana na wenye Kifaransa hawataki kila mara kuitumia, shule zinapungua mwaka hadi mwaka. Jumuiya inaogopa kufungiwa shule moja baada ya nyingine kwa kukosa watoto, bila serikali kufunga hata moja kwa amri. Katika vijiji vya Gaspé shule ndiyo ukumbi, maktaba na sababu ya vijana kubaki.

Hakuna njia ya kuzunguka?

Ilikuwepo. Wazazi wenye fedha walimpeleka mtoto shule binafsi ya Kiingereza isiyopokea ruzuku kwa mwaka mmoja, kisha wakadai anaendelea na elimu ya Kiingereza. Jimbo liliziba njia hiyo 2002, Mahakama ya Juu ikasema 2009 kwamba lilizidisha, na 2010 ukaja mfumo wa alama ambao kwa kawaida unahitaji miaka mitatu au zaidi ya ada kubwa. Maskini hakuwahi kuwa na njia hii hata kabla haijazibwa.

Anayekuja kwa kibali cha muda cha kazi au masomo anaweza kumwombea mtoto shule ya Kiingereza kwa muda usiozidi miaka mitatu, na haiongezwi. Ipo pia misamaha kwa mtoto mwenye matatizo mazito ya kujifunza, au kwa hali nzito za kifamilia na kibinadamu. Wengine wote wataanza kwenye darasa la kupokea wageni, ambako hufundishwa Kifaransa kwanza. Watoto hawachelewi kukidaka. Taabu ni ya wazazi, kwenye kikao na mwalimu.

Mimi ni nesi. Nitapata kazi?

Hata akina nesi wa Montreal wanahitaji Kifaransa. Tangu 1977, vyama vya taaluma (wauguzi, wahandisi, madaktari, wahasibu na wengine) haviruhusiwi kutoa leseni ya kudumu kwa asiyethibitisha Kifaransa cha kazi yake. Aliyesoma miaka mitatu ya sekondari au zaidi kwa Kifaransa amethibitisha tayari, kwa hiyo nesi aliyesoma Lubumbashi au Bujumbura yuko mbele ya yule wa Eldoret katika hili. Wengine wafanye mtihani wa Ofisi ya Lugha. Ipo leseni ya muda wakati unajiandaa.

Kazi zisizo na leseni zina kanuni nyingine: mwajiri haruhusiwi kudai lugha zaidi ya Kifaransa mpaka aonyeshe kazi haiwezi kufanyika bila hiyo. Tangu 1 Juni 2025 kampuni zenye wafanyakazi 25 na kuendelea nazo zinatakiwa kujiandikisha na kuthibitisha Kifaransa kimeenea kazini. Zamani ilikuwa 50.

Nikiugua, nitaachwa kwa sababu ya lugha?

Hapana. Sheria ya 1986 iliwapa wazungumzaji wa Kiingereza haki ya huduma za afya na ustawi wa jamii kwa lugha yao, kulingana na mpango wa kila eneo, na Sheria 96 yenyewe inasema afya ni msamaha. Montreal ina hospitali zilizoanzishwa na jumuiya hizi, ikiwemo Jewish General.

Hofu ipo vilevile, na ina sababu. Katikati ya 2024 wizara ilitoa mwongozo mrefu wa lini mhudumu anaruhusiwa kutumia Kiingereza; madaktari na wagonjwa wakapiga kelele, na Septemba ukaandikwa upya. Anayeumia zaidi ni bibi wa miaka themanini katika kijiji cha pwani ya kaskazini, ambaye Kifaransa chake ni cha salamu, na nesi kijana anayeogopa kukemewa. Daktari akikosea dalili kwa sababu ya lugha, haisaidii kusema kwamba sheria haikukusudia hivyo.

Na vyuo?

Chuo kikuu ni hiari ya mwanafunzi: McGill (1821), Bishop's (1843) na Concordia (1974) hufundisha kwa Kiingereza. Ngazi ya kati, baina ya sekondari na chuo kikuu, inayoitwa CEGEP, ndiyo iliyobanwa: Sheria 96 imeweka kikomo kwamba vyuo vya Kiingereza visizidi asilimia 17.5 ya wanafunzi wote wa ngazi hiyo, na imeongeza masharti ya Kifaransa kwa wanaosoma humo. Oktoba 2023 serikali ilitangaza pia ada ya Wakanada wa majimbo mengine ipande kutoka kama dola 9,000 hadi 17,000. Ikashushwa kuwa 12,000. McGill na Concordia walishtaki, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Quebec ikaubatilisha uamuzi huo.

Kweli hawa ni wachache? Si wana Kanada na Marekani nzima nyuma yao?

Swali hili lilifika Umoja wa Mataifa. Wafanyabiashara watatu wa Quebec walipeleka malalamiko kuhusu mabango kwenye Kamati ya Haki za Binadamu, na 1993 Kamati ikawapa nusu ya walichotaka. Ilisema Sheria 178 imevunja uhuru wao wa kujieleza. Lakini ilikataa kuwatambua kama jamii ya wachache, kwa hoja kwamba wachache huhesabiwa katika nchi nzima, na katika nchi nzima Kiingereza ndicho chenye wingi.

Kisheria hoja ina mantiki. Kwa mama wa Gaspé haina msaada wowote, maana waziri wa elimu anayeamua kuhusu shule ya kijijini kwake yuko mji wa Quebec, hayuko Toronto. Upande wa pili, mwenye Kifaransa naye ni mchache pindi anapovuka mto Ottawa kuingia Ontario. Kila mmoja anajiona yeye ndiye mdogo, na kila mmoja ana ramani ya kuthibitisha. Ndiyo maana mjadala huu hausongi.

Wenyeji wa asili wako upande gani?

Hawako upande wowote kati ya hiyo miwili, na wote wawili huwasahau. Wamohawk wa Kahnawake, ng'ambo ya mto kutoka Montreal, walilazimishwa Kiingereza na wakoloni; wakati huu wanapigania Kimohawk. Sasa kijana wao akienda CEGEP ya Kiingereza anakutana na masharti ya lugha ya tatu. Wakrii na Wainuiti wana kinga fulani kupitia mkataba wao na serikali wa 1975. Viongozi wa mataifa ya asili waliipinga Sheria 96 mapema, na hoja yao ndiyo ngumu zaidi kuijibu: walikuwepo kabla ya lugha zote mbili.

Haya si sawa na Kamerun?

Tafadhali tusichanganye. Kamerun, tangu maandamano ya mawakili na walimu wa mikoa ya Kiingereza mwaka 2016, watu wameuawa na vijiji vimechomwa. Quebec ugomvi uko mahakamani na redioni. Iliwahi kuonja damu, kutoka upande mwingine: Oktoba 1970 kundi lenye silaha la wanaotaka kujitenga lilimteka mwanadiplomasia wa Uingereza James Cross na kumuua waziri wa jimbo Pierre Laporte.

Na Tanzania kukipa Kiswahili mahakama hapo 2021, si wazo lilelile?

Linafanana kwa juu. Tanzania haikuwa na jumuiya ya wananchi ambao Kiingereza ni lugha ya mama kwa karne mbili; hakuna kijiji kilichopoteza shule yake. Ukitaka mfano ulio karibu, fikiria lugha ndogo zilizozungukwa na Kiswahili, kisha ujiulize nani anazipa shule.

Nisiposema Kifaransa barabarani, nitatozwa faini?

Hapana, na uvumi huu ukome. Sheria haimhusu mtu anavyoongea nyumbani, mtaani, kanisani, msikitini au kwenye simu. Magazeti na redio za Kiingereza zipo. The Gazette la Montreal lilianzishwa 1778, tena kwa Kifaransa. Bunge la jimbo lilipitisha azimio mwishoni mwa 2017, bila kura hata moja ya kupinga, kuwaomba wenye maduka waache kusalimia wateja «Bonjour-Hi» na waseme «Bonjour» tu. Lilikuwa ombi, halina adhabu. Madukani katikati ya Montreal bado utasalimiwa kwa lugha zote mbili.

Kesi zimefikia wapi?

Baadhi ya vifungu vya Sheria 96 vimesimamishwa. Agosti 2022 Mahakama Kuu ya Quebec ilizuia sharti kwamba kampuni inayoshtaki kwa Kiingereza ilipie kwanza tafsiri ya Kifaransa iliyothibitishwa, kwa kuwa lingewafungia wengine mlango wa haki. Bodi za shule za Kiingereza zina kesi zao.

Kesi yenye uzito zaidi haihusu lugha kabisa. Ni ile ya sheria ya 2019 inayowakataza walimu na maofisa kadhaa kuvaa alama za dini kazini, nayo ilifunikwa na kifungu cha 33 mapema. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kuisikiliza. Majaji wakiweka mipaka kwa matumizi ya kifungu hicho, mawakili wa wazungumzaji wa Kiingereza watarudi na Sheria 96 asubuhi yake.